Mwalimu mgeni wa kliniki ya sheria: kabla ya kutangaza nafasi, hesabuni kesi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha sheria ya mikataba kwenye shule ya sheria hapa Marekani na nimewekwa kwenye kamati ya ajira. Mwenzetu anayeendesha kliniki ya makazi, ile ambayo wanafunzi wa sheria wakisimamiwa na mwalimu wanatetea wapangaji walio hatarini kufukuzwa, anaenda sabatiko (likizo ya utafiti) mwaka mzima wa masomo kuanzia Agosti ijayo. Mkuu wa shule amekubali tulete mwalimu mgeni wa mwaka 1. Sijawahi kusimamia kliniki hata siku moja. Tutangaze vipi, tumpime vipi huyo mtu, na je, hatuwezi kumchukua tu wakili mmoja wa hapa mjini ambaye kesi za wapangaji anazijua nje ndani ila hajawahi kufundisha?

Jibu: Marahaba mwalimu, na pole kwa kuwekwa kwenye kamati ya kitu usichokifanya, ila afadhali wewe unauliza mapema, wengine wanatangaza kwanza afu maswali yanaanza Julai. Ntajibu kwa urefu maana swali lako fupi lakini limebeba mengi.

Kitu ambacho kamati nyingi zinakipita haraka ni hiki: mgeni wa mikataba akija anakuta silabasi, chumba na wanafunzi basi, Mei akiondoka hakuna anayebaki anamsubiri. Mgeni wa kliniki anakuta watu. Kuna mama ana tarehe ya mahakamani wiki ya pili ya Septemba, kuna mzee ambaye voucha yake ya nyumba (msaada wa serikali wa kulipia kodi) inataka kukatwa, kuna rufaa imekaa tu inasubiri uamuzi, na wote hao wakiulizwa wakili wako nani wanasema kliniki. Kwa hiyo mnayemtafuta ni wakili wa kupokea kesi za watu zikiwa njiani, awaachie wanafunzi waziendeshe huku jina lake ndo liko mahakamani, afu mwaka ukiisha amrudishie mwenye kliniki zikiwa salama. Mkimtafuta kwa vigezo vile vile vya mwalimu wa darasani mtapata mtu mwenye CV ya kupendeza na ikifika Oktoba wanaoumia ni wapangaji.

Sasa kabla hamjaandika hata mstari mmoja wa tangazo, kaa na huyo mwenzenu anayeondoka mhesabu kesi. Sio makadirio, orodha kabisa: kesi gani zitakuwa zimeisha kufikia Mei, zipi zitavuka kiangazi, zipi haziwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine bila kumuumiza mteja, na zipi anataka kuendelea nazo mwenyewe akiwa sabatiko (wapo wanaofanya hivyo, hasa rufaa, na ni sawa mradi iandikwe). Kliniki nyingi huku zinaenda na wanafunzi kama 8 kwa msimamizi mmoja, na ukiwaweka wawili wawili unaona mwenyewe kwamba mgeni anahitaji kesi chache zilizo hai akifika, hahitaji lundo. Huyo mwenzenu aanze kupunguza kupokea kesi mpya mapema kwenye muhula wa pili, na kesi kubwa za mwaka na zaidi asizifungue kabisa msimu huu hata kama zinatamanisha.

Uzuri wenu ni kwamba ni kliniki ya makazi. Kesi za kumtoa mpangaji zinaenda mbio, majimbo mengi zinasikilizwa kwa utaratibu wa mkato na mambo yanaisha ndani ya wiki kadhaa, kwa hiyo mgeni anaweza kuanza na kesi mbichi mwezi wa tisa na mwanafunzi akaiona mwanzo hadi mwisho kabla ya Disemba. Ingekuwa kliniki ya rufaa za jinai au ya haki za kiraia ningekwambia ongea na mkuu wa shule aombe miaka 2, mwaka 1 ni mfupi mno kwa kesi za aina hiyo.

Kalenda ndo inayofuata na hapa ndipo watu wa HR (ofisi ya ajira ya chuo) na watu wa kliniki hawaelewani. HR wanaandika mkataba wa miezi 9, kutoka katikati ya Agosti hadi Mei, kwa sababu ndo fomu waliyonayo. Kliniki haijui likizo: mwenye nyumba anafungua kesi Disemba wanafunzi wakiwa kwenye mitihani, na hakimu akipanga tarehe Juni haulizi kama muhula umeisha. Ombeni mkataba wa miezi 12, uanze Julai mosi au hata Juni, ili yeye na anayeondoka wakae pamoja ofisini angalau wiki chache, waende mahakamani pamoja, wateja wamwone sura. Na hizo wiki zilipwe tafadhali, nimeona mara nyingi shule inamwambia mtu "pitia pitia Julai tukuoneshe mambo" kama hisani, huyo mtu ana kodi ya kulipa kama wewe.

Mwisho wa mwaka nao upangiwe. Andikeni toka sasa nani anabaki na kesi za Juni na Julai mwaka wa mgeni ukiisha, kwa sababu mgeni akipata kazi ya kudumu mahali pengine (na akiwa mzuri atapata) atataka kuhama Mei hiyo hiyo.

Haya, leseni. Hii ingekuwa juu yangu ningeiweka aya ya kwanza ya kila tangazo la kliniki nchi hii. Unajua leseni ya uwakili Marekani ni ya jimbo kwa jimbo, na kwenye kufundisha mikataba haikuhusu kabisa, unaweza kufundisha maisha yako yote bila kuwa wakili wa jimbo unaloishi. Msimamizi wa kliniki inayoingia mahakama za jimbo hawezi. Wanafunzi wanaruhusiwa kusimama mahakamani kwa sababu ya kanuni za jimbo za wanafunzi kufanya kazi ya uwakili, karibu zote zina undugu na kanuni ya mfano ambayo ABA, chama cha mawakili cha Marekani, iliitoa 1969, na kanuni hizo zinataka mwanafunzi awe amesajiliwa, mkuu wa shule awe amemthibitisha, na awe chini ya wakili mwenye leseni ambaye anawajibika kwa kila kinachowasilishwa. Msimamizi akikosa leseni kibali cha mwanafunzi nacho hakifai kitu, na hapo kliniki yenu inageuka semina ya kusoma hukumu.

Njia zipo kadhaa na kila moja ina muda wake. Akiwa amefanya ule mtihani wa pamoja wa uwakili karibuni, UBE, anaweza kuhamisha alama zake kama jimbo lenu liko kwenye mfumo huo na alama hazijachakaa. Akiwa na miaka kadhaa ya kazi, majimbo mengi yanampokea bila mtihani kwa maombi, ila uchunguzi wa tabia na rekodi peke yake unaweza kula miezi. California haipokei kwa maombi tu, wakili wa jimbo lingine bado anafanya mtihani wao wa mawakili. Baadhi ya majimbo yana kibali maalum kwa walimu wa kliniki au kwa mawakili wanaohudumia wasio na uwezo, na hiki ndo cha kwanza kukiangalia maana mara nyingi ndo cha haraka na cha bei nafuu. Kile kibali cha kuingia kesi moja moja kwa ruhusa ya mahakama msikitegemee, kinataka wakili wa jimbo awe pembeni kwenye kila kesi na kwa kesi za wapangaji zinazofunguliwa leo na kusikilizwa wiki ijayo utakuwa unaomba vibali kutwa nzima.

Kwa hiyo mmoja wenu kwenye kamati apewe kazi hiyo tu: apige simu kwa mamlaka ya usajili wa mawakili ya jimbo, aulize njia zipi zipo na zinachukua muda gani, matokeo yake ndo yaamue tangazo litasemaje. Kama jibu ni miezi 6, na nyie mnaajiri Machi, basi andikeni wazi kwamba mnataka mwenye leseni ya jimbo tayari, msiwapotezee watu muda. Na shule ilipe ada za maombi.

Kuna watu watakushauri mumpe nafasi mgeni asiye na leseni afu mwalimu mwingine wa kliniki "aweke jina". Inawezekana kwa kipindi kifupi, ila huyo mwenye jina anawajibika kweli kweli chini ya kanuni za maadili, kanuni ya mfano 5.1 na 5.3 zinazohusu usimamizi hazijui kitu kinaitwa kuweka jina. Kama huyo mwalimu mwingine ana wanafunzi wake 8 na kliniki yake, atasimamia saa ngapi? Njia nyingine ya kujisaidia muda huo ni kuanza na vikao vya kupinga kukatwa kwa zile voucha za nyumba, zinaitwa Section 8, kanuni za serikali kuu zinaruhusu familia iwakilishwe na wakili au mwakilishi mwingine, kwa hiyo kazi inaweza kuanza kabla mlango wa mahakama haujafunguka. Hata hapo muulizeni mtu wa maadili wa jimbo kwanza, mgeni akae anatoa ushauri wa sheria kwenye jimbo ambalo hana leseni halafu aseme "ilikuwa kikao tu", hapana.

Sasa watu wenyewe wako wapi. Kwa uzoefu wangu wanaotokea kwenye nafasi ya mwaka 1 ni makundi machache. Wapo wanaomaliza fellowship, yaani nafasi za mafunzo, za ualimu wa kliniki, Georgetown kwa mfano wanazo za miaka 2 ambazo mtu anasimamia wanafunzi na kuondoka na LL.M., shahada ya uzamili ya sheria, na hao ndo watu waliofundishwa kazi hii hasa, kusimamia, kuendesha semina, kutoa mrejesho, hawafundishi kwa kubahatisha. Wapo mawakili wa msaada wa kisheria wenye miaka 6, 7, 10 kazini wanaotaka kuonja ualimu. Wapo walimu wa kliniki wa shule nyingine wanaotaka kuwa karibu na mwenza wao au wazazi kwa mwaka. Na wapo wastaafu, watu wengine wanawadharau lakini mstaafu wa kliniki mwenye leseni ya jimbo lenu kwa mwaka 1 ni zawadi, hana haja ya kujionesha kwa mtu na usiku analala.

Tatizo la kundi la wakili wa msaada wa kisheria ni kwamba mnamwomba aache kazi ya kudumu kwa ajili ya mwaka 1, na maswali yake ya kweli hayataandikwa kwenye barua ya maombi. Bima ya afya inaanza tarehe ngapi, maana akiwa na watoto hawezi kukaa wiki 3 bila bima. Mwajiri wake atamshikia nafasi? Hili mnaweza kumsaidia, mkuu wa shule akimpigia mkurugenzi wa ile ofisi na kuomba likizo ya mwaka bila malipo mara nyingine inakubalika, hasa ofisi ikiona itapata wanafunzi wa kujitolea. Afu kuna mkopo wa masomo: wengi wao wanahesabu malipo 120 ya mpango wa serikali kuu wa kusamehe mikopo kwa watumishi wa umma, ule wa 2007, na hesabu hiyo inataka awe muda wote kwa mwajiri wa serikali au asiye wa faida anayetambulika. Chuo kikuu cha umma au kisicho cha faida kinahesabika. Ila kama HR wamemwandika nusu ya muda kwa sababu "ni mgeni", au wamempitisha kwenye kampuni ya nje ya kulipa mishahara, anaweza kupoteza miezi, na akishagundua hilo Aprili atawaambia asante. Pata jibu la HR kwa maandishi mapema, ukimpa mtu jibu hilo kabla hajauliza ataona mnajua maisha yake.

Mshahara sitausema sana. Msimlipe mgeni kidogo kuliko wenzake wa kliniki kwa hoja kwamba "anapata uzoefu". Basi.

Kitu ambacho kinaharibu majina ya shule zaidi ya mshahara ni kutosema ukweli kuhusu nafasi yenyewe. Huku kuna wageni wa aina mbili na kila mtu kwenye fani anawajua: mgeni wa kujaza pengo, na mgeni anayeletwa aangaliwe kama atafaa kuajiriwa jumla. Kwenu ni pengo, mwenye kliniki anarudi. Semeni hivyo, kwenye tangazo, kwenye simu ya kwanza na kwenye barua ya ajira. Kuna kamati zinapenda kuacha ukungu kidogo, "huwezi kujua, mambo yanaweza kutokea", ili mtu mzuri asikatae, matokeo yake mtu anahamisha familia na kuanza kufanya kazi ya kujionesha kwa walimu wenye kura badala ya kukaa na wanafunzi. Mkishasema ukweli basi mlipieni kwa vitu anavyoweza kuondoka navyo: nauli na ada ya kwenda mkutano wa AALS (chama cha shule za sheria) wa elimu ya kliniki unaofanyika kila mwaka majira ya kuchipua, mtu wa kukaa darasani kwake na kumwandikia barua ya maana, siku moja kwa wiki isiyo na vikao ili aandike kitu, maana akitafuta kazi ya kudumu baadaye shule nyingi zitamuuliza ameandika nini, hata za kliniki.

Kuhusu sheria za ithibati, kwa kuwa mkuu wenu atauliza: ABA, ambayo ndo inazipa shule za sheria ithibati, kwenye kiwango 405(c) inataka walimu wa kliniki wa muda wote wawe na usalama wa kazi unaokaribiana na ule wa kudumu wa walimu wengine, ila inaruhusu idadi ndogo ya ajira za muda mfupi kwenye programu ambayo kwa sehemu kubwa inaendeshwa na walimu wa muda wote. Mgeni mmoja wa kujaza sabatiko hana shida hapo. Shida inaanza shule inapokuwa na kliniki 4 na zote zinaendeshwa na wageni wanaobadilishwa kila mwaka, hiyo ni namna ya kukwepa kuajiri na wakaguzi wanaiona. Na kwa kuwa kila mwanafunzi anatakiwa kumaliza na angalau krediti 6 za masomo ya vitendo, kufunga kliniki mwaka mzima "tupumzike" pia kuna gharama yake, hesabuni viti.

Tangazo lenyewe liwe fupi na la kweli. Aina ya kesi, mahakama gani, wanafunzi wangapi kwa muhula, krediti ngapi, semina inakutana mara ngapi na kama silabasi ipo ya kurithi, kesi ngapi zitakuwa hai siku anafika, leseni, tarehe ya kuanza na kumaliza, kiasi cha mshahara, kuna msaidizi wa ofisi au hakuna. Hiyo ya msaidizi msiiache. Litoke Oktoba au Novemba kama mnaweza, mana wakili mwenye kesi 40 mezani anahitaji miezi kuzikabidhi vizuri, na mkimpata mtu aliye tayari kuziacha kesi zake ndani ya wiki 2 jiulizeni atafanya nini na zenu.

Usaili sasa, na hapa naomba usimame imara kwenye kamati yako maana wenzako wa darasani watataka kile kikao cha kuwasilisha makala mbele ya walimu, dakika 20 za kuongea na 30 za kuchomwa maswali. Kwa mgeni wa mwaka 1 wa kujaza pengo hicho kikao hakiwaambii kitu. Kazi yake kubwa itafanyika kwenye chumba kidogo na wanafunzi wawili waliochanganyikiwa, mtazameni akiwa humo.

Chukueni mwanafunzi aliyewahi kupita kliniki, mpeni kisa cha kutunga: mpangaji ana siku 5 za kujibu kesi, mwanafunzi amekuja na mpango wa utetezi ambao uko nusu sawa, kuna hoja moja nzuri hajaiona na hoja moja mbaya ameipenda sana. Mgombea ana nusu saa ya kumsimamia. Kaeni pembeni mnyamaze. Angalieni kalamu iko mkononi kwa nani. Kuna mawakili wazuri sana ambao dakika ya 4 wameshamnyang'anya mwanafunzi kesi, wanaongea haraka, wanachora, hoja ni nzuri kweli na ninyi mnaopenda sheria mtafurahi, ila mwanafunzi ametoka na maagizo tu. Wapo wengine wamesoma kwamba mwalimu wa kliniki hatoi majibu, basi wanauliza "wewe unaonaje?" mara 9 mfululizo mpaka mtoto wa watu anataka kulia na siku 5 zinakimbia. Ubishi wa kiasi gani msimamizi aelekeze ni mkubwa na wa miaka mingi kwenye fani hii, mi msimamo wangu kwa kesi za makazi ni kwamba mteja hawezi kupoteza nyumba ili mwanafunzi ajifunze, kwa hiyo namtafuta mtu anayejua lini aache na lini aingilie, na ukimuuliza baada ya zoezi "kwa nini pale uliingilia?" awe na sababu anayoweza kuitaja.

Zoezi la pili mpeni siku moja kabla, waraka wa kurasa 4 ulioandikwa na mwanafunzi, naye auwekee maoni pembeni. Utaona kama anasahihisha koma au anaona kwamba ukweli wa mteja umezikwa ukurasa wa 3. Utaona pia lugha yake akimwandikia mtu mdogo kwake, na hilo halifichiki.

La tatu kama muda upo, raundi za kesi, yaani kile kipindi ambacho wanafunzi wote wanaleta tatizo la kesi moja mezani na kulijadili pamoja. Mpe wanafunzi 5 na tatizo la kimaadili, mfano mteja anataka kusema kwenye kiapo kitu ambacho mwanafunzi anashaka nacho. Mgombea asipoongea sana hapo, huyo ni wenu.

Angalizo moja, msitumie faili za kweli. Watu wa kliniki huwa wanataka kumwonesha mgombea kesi halisi ili "aone kazi", lakini mgombea ni mtu wa nje mpaka mkataba usainiwe, na siri za mteja ni za mteja. Tungeni visa. Na mkishamchagua, kabla ya kumfungulia Clio au mfumo wowote wa faili za kesi mnaotumia, pitisheni majina ya wateja wake wa zamani na wa sasa kwenye ukaguzi wa mgongano wa maslahi, kliniki inahesabiwa kama ofisi ya uwakili kwenye mambo haya, mgongano wa mmoja unaweza kuwafunga wote.

Wekeni wanafunzi wawili wa zamani kwenye jopo wenye haki ya kuandika maoni yao, pia msaidizi wa ofisi ya kliniki. Huyo msaidizi anajua vitu ambavyo profesa hajui, nani kati ya makarani wa mahakama anapokea simu, mteja gani hasomi barua bali anataka kupigiwa. Mgombea aliyemsalimia kila profesa na kumpita yeye kama fanicha, mimi namwondoa kwenye orodha, na sijutii.

Akishakubali, kazi ya kukabidhi ni ya anayeondoka na sio ya mgeni kuitafuta. Kila kesi iwe na karatasi yake: imefikia wapi, tarehe zipi zinakuja, mteja anataka nini kwa maneno yake mwenyewe, mwenye nyumba na wakili wake wana tabia gani. Kila mteja aambiwe kwamba wakili anabadilika na akubali, mahakamani ziwasilishwe hati za kubadilisha wakili, na fomu za usajili wa wanafunzi zibadilishwe jina la msimamizi. Bima ya makosa ya kitaaluma imtaje mgeni na iendelee kumlinda kwa kazi aliyoifanya hata akishaondoka, muulizeni mwanasheria wa chuo neno kwa neno.

Sasa huyo wakili wenu wa mjini. Kwa haraka haraka ana kila kitu nilichokisumbukia hapo juu: leseni anayo, mahakimu wanamjua, hahami nyumba, bima ya watoto haikatiki. Kwa nafasi ya mwaka 1 mtu wa namna hii huwa nampa uzito mkubwa kuliko kamati nyingi zinavyompa. Kutowahi kufundisha hakunitishi sana, kuna waliosimamia mawakili wachanga na wanafunzi wa mafunzo ofisini miaka na miaka bila cheo cha ualimu, na hilo mtaliona kwenye yale mazoezi, naye apite humo humo kama wengine, asipewe kwa sababu mnafahamiana.

Kinachonitisha kwake ni kasi. Wakili wa wapangaji anayesimama kwenye kesi 15 asubuhi moja amejenga mikono inayofanya bila kufikiri, na kliniki inamtaka apunguze mwendo, achukue kesi 6 na kukaa saa nzima kujadili jinsi ya kumuuliza mteja swali moja. Wengine wanalipenda hilo, wanasema hawajawahi kupata muda wa kufikiri hivyo. Wengine ifikapo Oktoba wanazifanya wenyewe usiku na kuwapa wanafunzi kazi ya kutoa kopi. Ili kumsaidia, aingie kwenye kliniki hii muhula huu wa pili kabla mwenzenu hajaondoka, akae kwenye raundi, aone usimamizi unavyofanyika, na muhula wa kwanza semina aifundishe pamoja na mwalimu mwingine wa kliniki hapo shuleni. Huyo mwalimu mwingine apunguziwe kitu kwa ajili hiyo, msimwongezee tu.

Msikubali mpango wa nusu nusu, yaani abaki na ofisi yake mjini na kliniki aje Jumanne na Alhamisi. Kwa viwango vya ABA, kliniki ni kazi ya wateja wa kweli chini ya usimamizi wa moja kwa moja wa mwalimu, pamoja na sehemu ya darasani, mrejesho na mwanafunzi kujitathmini. Mkiwapeleka wanafunzi ofisini kwake hiyo ni nafasi ya mafunzo ya nje, somo lingine lenye masharti yake, na wateja wa kliniki mliowahesabu pale mwanzo wanabaki hawana mtu.

Kwa hiyo nendeni mkanywe naye chai kabla ya tangazo kutoka, na swali la kwanza liwe kesi zake yeye mwenyewe. Nani atazipokea? Kujitoa kwenye kesi iliyo mahakamani mara nyingi kunahitaji ruhusa ya hakimu na mteja asiachwe pabaya, kwa hiyo mtu wa kuanza Julai inabidi awe ameacha kupokea kesi mpya toka Februari au Machi na ana jina la mwenzake wa kumkabidhi zilizobaki. Akikutajia hilo jina, mwiteni kwenye usaili. Akikwambia usijali atakuwa anazimalizia jioni, mshukuru, lipa chai, mrudi mkatangaze.